UZI: Unyayo wa simba ni "alama yake ya kidole"? Tutenganishe ngozi na umbo la mguu

Mfuatanyayo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna kauli imezunguka mno kwenye makundi: "Kila simba ana unyayo wake, kama wewe ulivyo na alama zako za vidole." Inapendeza masikioni, ila imefunga kwenye kamba moja wanyama wa mazizi mawili. Nimeona niifungulie uzi kwa sababu watu wanaitumia kwenye mambo mazito, mara kudai kifuta jasho cha mifugo, mara kuhesabu wanyama.

Alama ya kidole ni nakala ya ngozi. Ncha ya kidole chako ina matuta membamba yenye mifereji katikati, na juu ya kila tuta kuna vitundu vya jasho. Ukigusa kioo, jasho na mafuta yaliyo juu ya matuta yanabaki pale, mifereji haiachi kitu. Kinachoonekana ni mchoro wa matuta yenyewe, ukubwa kwa ukubwa.

Unyayo wa mnyama ardhini ni umbo la mguu mzima lililobonyea kwenye udongo. Simba, chui, fisi, mbwa na paka hawana matuta ya aina ile hata kidogo. Vitakia vya mbwa, yaani zile nyama za chini ya mguu anazokanyagia, vina vijipele vigumu vilivyosongamana kama msasa, vya paka ni laini zaidi. Paka akikanyaga kioo kisafi ataacha madoa, maana vitakia vyake vinatoa jasho, lakini ndani ya madoa hayo hutakuta mistari ya kusoma.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, unyayo wa simba ulinganishe na alama ya kiatu. Ukikuta alama ya katambuga njiani unajua ni katambuga, ya mtu mzima, mguu wa kushoto, alikuwa anaelekea kisimani. Wenye katambuga kama ile ni wengi. Ili useme ni ya fulani unahitaji kitu kilichoipata baada ya kutoka kwa fundi: kisigino kilicholika upande mmoja, msumari uliotokeza, mkato wa chupa. Unyayo wa mnyama ndivyo ulivyo. Spishi utaijua kwa uhakika mkubwa, na pengine umri na jinsia kwa makadirio. Kumjua yeye mwenyewe, mpaka awe na kovu, kidole kilichokatika au ukucha uliopinda.

Karibuni mkosoe.

---

DoleGumba

Mleta uzi umeanza vizuri, niongeze upande wa binadamu maana huko nako watu wanakosea.

Matuta ya vidole yanaanza kujengeka tumboni, kama wiki ya 10 au 11 ya mimba, na kufikia wiki ya 17 mchoro umeshakaa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba matuta husambaa kama mawimbi kutoka sehemu tatu za ncha ya kidole: katikati ya nyama ya kidole, chini ya ukucha, na kwenye mkunjo wa kiungo. Pale mawimbi yanapokutana ndipo mchoro unapopatikana. Unene wa ile nyama na wakati kila wimbi lilipoanza vinabadilisha kila kitu, ndiyo maana hata pacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, hawana alama sawa.

Michoro mikuu ni mitatu. Kitanzi, matuta yanayoingia upande mmoja na kurudi upande uleule, ndicho kingi, kama asilimia 60 hadi 65 ya vidole vyote. Mzingo, matuta yanayojizungusha, ni kama 30 hadi 35, na tao, matuta yanayopanda na kushuka kama upinde, ni kama 5. Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza: kitanzi hakimtambulishi mtu. Mabilioni ya watu wana kitanzi kwenye kidole cha shahada. Kitanzi, mzingo na tao ni sawasawa na "huyu ni simba, yule ni chui" kwenye nyayo. Utambuzi unaanza ukishuka chini zaidi: tuta linaishia wapi, linagawanyika panda wapi, kipande kifupi kiko wapi, na kati ya alama moja na nyingine kuna matuta mangapi. Uingereza na Wales walikuwa wanadai alama ndogo 16 zinazolingana kabla ya kupeleka ushahidi mahakamani. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2001, uamuzi ukabaki kwa mtaalamu na ubora wa alama aliyonayo.

Kudumu nako ni tofauti kubwa na unyayo. Mizizi ya matuta iko kwenye tabaka la chini la ngozi. Ukikwaruza juu, yanarudi vilevile. Jeraha likishuka hadi chini linaacha kovu, na kovu hilo nalo linageuka kuwa alama ya kukutambulisha. Kitakia cha mnyama kinalika, kinapasuka, kinaota upya, na hakina mchoro wa kurudia.

---

MswahiliWaTanga

DoleGumba, mbona basi mafundi ujenzi na wapasua kokoto mashine inawakataa? Tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole 2019 ni kilio kilekile.

---

DoleGumba

Mashine inakataa kwa sababu haioni, siyo kwa sababu alama zimekufa. Simenti mbichi ni kali, inakula tabaka la juu la ngozi, matuta yanakuwa mafupi na mifereji inajaa vumbi. Ngozi kavu nayo haigusi kioo vizuri, mchoro unatoka vipande vipande.

Cha kufanya: mtu aoshe mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu, aikaushe, apake mafuta kidogo sana au losheni na asubiri dakika chache mpaka yanyonywe. Mafuta mengi yanafanya mambo kuwa mabaya zaidi, mifereji inajaa na mashine inaona doa jeusi. Kisha abonyeze kwa utulivu bila kukandamiza. Vikikataa vyote, ajaribu kidole cha pete au cha mwisho, hivyo havisuguliwi sana kazini. Akipumzika na simenti wiki tatu au nne ngozi inajijenga.

Kuna watu wachache ambao kweli hawana matuta tangu kuzaliwa, kwa hitilafu ya jeni moja iliyotambuliwa mwaka 2011 kwenye familia ya Uswisi. Na kuna dawa ya saratani, capecitabine, ambayo inaweza kufuta matuta kwa muda kwa sababu inachubua viganja na nyayo. Mgonjwa wa namna hiyo akikwama uwanja wa ndege, barua ya daktari inasaidia.

---

MswahiliWaTanga

Asante mkuu. Na nyani, tumbili, sokwe? Wale wana viganja kama sisi. Nao wanaingia zizi lipi?

---

DoleGumba

Wale wako upande wetu kabisa. Jamii yote ya nyani, tumbili, mbega, sokwe na gorila wana matuta halisi kwenye viganja na nyayo, yenye vitanzi na mizingo. Sokwe na gorila wanatembea kwa kuegemea vifundo vya vidole vya mikono, na ngozi ya juu ya vifundo hivyo, upande wa mgongo wa kidole, nayo imeota matuta. Sisi pale tuna makunyanzi na vinyweleo tu. Tumbili wa Amerika ya Kusini wanaojishikilia kwa mkia, kama tumbili buibui, wana matuta kwenye sehemu ya chini ya mkia, pale unapofumbata tawi. Kwa mbega wetu usihangaike kutafuta alama ya dole gumba, kwani dole gumba lake limebaki kigutu tu.

Anayeshangaza ni koala wa Australia. Siyo jamii ya nyani, ni mnyama wa mfuko kama kangaruu, na ukoo wake uliachana na wetu zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Bado ncha za vidole vyake zina matuta yenye vitanzi na mizingo, na yanafanana na ya binadamu hata ukiyaangalia kwa hadubini. Maciej Henneberg na wenzake wa Adelaide ndio walioeleza jambo hilo miaka ya 1990. Ndugu wa koala wanaoishi chini hawana. Kwa hiyo haikurithiwa kutoka kwa babu mmoja, imezuka mara mbili kwa viumbe wanaoshika matawi na kuchagua majani kwa vidole.

---

NusuKipimo

Hapo kwenye kushika ongeza chumvi kidogo. Ile hoja ya kwamba matuta yapo ili kuongeza msuguano ilipimwa Manchester mwaka 2009, na kwenye bapa laini la plastiki matuta yalipunguza eneo la kugusana, kwa sababu mifereji haigusi. Maelezo yanayosimama zaidi ni kwamba mifereji inaondoa maji ya ziada, matuta yanaifanya ngozi inyumbuke bila kuchanika, na hisia ya mguso inaongezeka kidole kinapopita juu ya kitu.

---

Mfuatanyayo

Sawa, turudi ardhini. Niweke namna ya kuusoma unyayo, kisha wenye kupinga wapinge.

Kwanza hesabu vidole, tafuta kucha, angalia ukingo wa nyuma wa kitakia kikubwa. Jamii ya paka, yaani simba, chui, kimburu na paka wa nyumbani, huacha vidole vinne, kucha hazionekani maana huzirudisha ndani, na ukingo wa nyuma wa kitakia una vifundo vitatu. Duma ni paka mkaidi: kucha zake hazirudi ndani zote, kwa hiyo zinaonekana, na hapo ndipo wengi wanamwita fisi au mbwa. Muangalie kitakia, vifundo vitatu vipo palepale.

Mbwa na mbweha huacha vidole vinne na kucha. Nyayo zao ni ndefu kuliko upana, na ukiunganisha nafasi kati ya vidole na kitakia utaona kama herufi X. Fisi madoa naye ana kucha butu, vidole vimenona na kubanana, kitakia kimekaa mshazari, na mguu wa mbele ni mkubwa wazi kuliko wa nyuma, kwa sababu mwili wake wote umeelemea mbele.

Vipimo vya urefu, bila kucha, kwa kukadiria: simba mkubwa sentimita 11 hadi 14, chui 7 hadi 10, duma 8 hadi 10. Mnaona chui na duma wanavyopishana kwenye mstari mmoja, kwa hiyo rula peke yake haitoshi.

Kushoto au kulia? Angalia vidole viwili vya kati. Kinachotangulia mbele ni cha pili kutoka ndani, sawa na kidole chako cha kati. Kikiwa upande wa kulia wa mstari wa katikati, mguu ni wa kushoto.

Sasa kosa kubwa kuliko yote: watu wanapima mdomo wa shimo. Mguu ukizama kwenye tope, kingo za juu zinafunguka nje, unyayo wa chui unafika sentimita 11 na kijiji kizima kinalala na mikuki. Pima sakafu ya unyayo, pale chini palipo bapa kabla ukuta haujaanza kupanda. Kipimo hicho kinabadilika kidogo tu kati ya mchanga na tope, cha juu kinabadilika sana. Na usipime mmoja. Pima kumi wa mguu uleule kama zipo, tupa zilizoteleza, kisha chukua wastani.

Kucha za paka nazo zinaweza kuonekana akiteleza kwenye utelezi au akiruka. Unyayo mmoja wenye kucha kati ya ishirini zisizo nazo haugeuzi simba kuwa fisi.

---

NusuKipimo

Mkuu umesema vizuri kwamba unyayo hauko sawa na alama ya kidole. Niweke mfano wa nchi iliyoamini kinyume chake kwa karibu miaka arobaini.

India walihesabu chui milia kwa nyayo. Utaratibu ulianzishwa na Saroj Raj Choudhury mwaka 1966. Askari wa misitu walisambaa kwa siku kadhaa, kila unyayo ukawekewa kioo juu, umbo likachorwa kwa kalamu kwenye kioo, kisha likanakiliwa kwenye karatasi. Wakubwa wakakaa mezani wakilinganisha michoro: huu na huu ni mnyama mmoja, ule ni mwingine. Unyayo wa mraba ni dume, uliorefuka ni jike.

Ubovu ulikuwa wapi? Kwanza, mchoro ulichorwa kwa mkono, na kila mkono ulichagua ukingo wake, wa juu au wa chini. Pili, mnyama mmoja kwenye vumbi, mchanga na tope anatoa michoro mitatu, naye anahesabiwa mara tatu. Tatu, wanyama wawili wa umri mmoja wanatoa michoro isiyotofautishika, nao wanahesabiwa mmoja. Nne, kudhani kila mnyama wa msitu mzima ameacha unyayo mzuri wiki ileile na ukaonekana, jambo ambalo haliwezekani. Ullas Karanth, mtafiti wa chui milia, na wenzake waliuchambua utaratibu huo kwa ukali kwenye andiko la mwaka 2003.

Kisha ikaja Sariska, hifadhi ya Rajasthan. Takwimu za nyayo zilionyesha chui milia zaidi ya kumi. Mwanzoni mwa 2005 ikathibitika hakuna hata mmoja, majangili walishawamaliza. India ikahamia kwenye kamera za kutega na hesabu za kitakwimu. Hesabu ya nyayo ya mwaka 2002 ilisema 3,642, na makadirio mapya ya mwaka 2006 yakasema 1,411. Pengo hilo lote msidhani ni vifo. Sehemu yake ni kwamba namba ya zamani haikuwa na miguu.

---

Mfuatanyayo

Nakubali kuhusu vioo vya India. Ila usitupe nyayo zote na maji ya kuoshea. Namibia walipimwa wawindaji wa Ju/'hoansi, watu wa jamii ya San, kwa kusoma nyayo za wanyama ambao historia yao ilijulikana na watafiti. Matokeo yalitoka mwaka 1997: walipatia asilimia 98 ya tafsiri 569, ikiwemo spishi, jinsia, rika na alichokuwa anafanya mnyama. Msomaji wa namna hiyo hashiki unyayo mmoja. Anafuata mstari mzima, anaona mnyama anavyochechemea, alipolala, alipokojoa, mguu upi unaburuta.

Na kwa faru kuna njia ya kompyuta iliyoanzia Zimbabwe na Zoe Jewell na Sky Alibhai. Wanapiga picha nyayo za mguu uleule, kila moja ikiwa na rula pembeni, wanaweka nukta kwenye sehemu maalum, programu inapima umbali na pembe kwa makumi, kisha inapanga nyayo kwa mafungu ya mnyama mmoja mmoja. Haitafuti matuta, inatafuta uwiano wa umbo.

---

NusuKipimo

Hilo sipingi. Ila lazima uifundishe programu kwanza kwa faru wanaojulikana, na jibu lake ni uwezekano. Haliwi la "ndiye" au "siye".

Na alama za vidole zenyewe msiziabudu. Baada ya mabomu ya treni ya Madrid, Machi 2004, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walilinganisha alama isiyokamilika iliyookotwa kwenye mfuko wa plastiki na wakamkamata Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Polisi wa Hispania wakaja kusema ni ya mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria. Kidole cha mtu ni cha pekee, lakini doa lililobaki kwenye mfuko si kidole kizima.

---

MamaKwato

Mmezungumza miguu mmesahau pua. Wafugaji, "alama ya kidole" ya ng'ombe iko puani. Ile ngozi tupu kati ya matundu ya pua na mdomo wa juu ina vijipele na mifereji, mpangilio wake ni wa pekee kwa kila ng'ombe na haubadiliki akikua, unapanuka tu. W. E. Petersen wa Minnesota aliandika habari zake mwaka 1922. Mbwa nao hivyohivyo: chama cha mbwa cha Canada kilianza kupokea alama za pua mwaka 1938. Kwato hazifai, zinakua na kulika kila siku, na mkato wa leo umekwisha baada ya miezi michache.

Kuchukua alama ya pua: mfunge ng'ombe kichwa kwenye nguzo au kishikio, mtu wa pili ashike pua kwa vidole kutoka nyuma, asiguse sehemu ya mbele. Pangusa pua kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Paka wino wa pedi ya mihuri, safu nyembamba, halafu chukua kadi ngumu ya sentimita kama 8 kwa 12 iliyobandikwa kwenye kibao. Anzia kwenye mdomo wa juu, ibiringishe kadi kwenda juu kuelekea matundu, mara moja, bila kurudi. Rudia mpaka upate tatu safi.

Kinachoharibu ni unyevu. Pua ya ng'ombe mzima inatoa jasho muda wote, una sekunde chache tu kati ya kupangusa na kubandika, ukichelewa wino unaelea na alama inatoka ukungu. Alama ya kwanza mara nyingi ni nyeusi tii kwa wino mwingi, ya pili na ya tatu ndizo nzuri. Ukiburuza badala ya kubiringisha, vijipele vinakuwa mistari. Siku hizi picha ya simu inatosha ikiwa pua imepanguswa, simu iko sambamba nayo na hakuna mwako wa taa unaong'aa juu ya unyevu.

---

MswahiliWaTanga

MamaKwato umefunga kazi. Swali kwa mleta uzi: mnyama ameingia zizini usiku, ameua mbuzi wanne, askari wa wanyamapori watafika kesho kutwa. Unyayo unatunzwaje?

---

Mfuatanyayo

Kwanza zuia watu na mifugo, kwa sababu ushahidi mwingi unakanyagwa na waombolezaji. Chagua nyayo mbili tatu safi zilizo mbali kidogo na mzoga, maana pale penyewe fisi huja baada ya simba na kukanyaga juu. Zifunike kwa beseni au sufuria iliyogeuzwa, weka jiwe juu. Karatasi ya nailoni iliyolala moja kwa moja juu ya unyayo haifai, inatoa jasho na kubomoa kingo.

Picha piga ukiwa wima juu yake, simu sambamba na ardhi, rula imelala kwenye usawa wa sakafu ya unyayo. Saa sita mchana unyayo unaonekana bapa kama sahani. Piga asubuhi au jioni jua likiwa chini, au ufunike kwa kivuli na umulike tochi kutoka pembeni, chini kabisa. Piga na mstari mzima wa hatua, siyo unyayo mmoja tu.

Ukitaka nakala, tumia plasta ya Paris. Kata ukanda wa plastiki ngumu au bati jembamba, upana sentimita 4 au 5, uuzungushe kuwa pete ya kipenyo cha sentimita 20 hivi, uizamishe kidogo kuzunguka unyayo. Uwiano ni vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Kwa pete hiyo, ukiijaza kina cha sentimita 3, maji mililita 600 na unga mililita 1,200 vinatosha. Nyunyizia unga kwenye maji, ukifanya kinyume unapata madonge. Koroga taratibu, maana ukipiga kama mayai unaingiza mapovu, na mapovu yanakuja kukaa kwenye kucha na vidole. Uzito uwe kama uji wa mtoto.

Usimimine katikati ya unyayo. Mimina pembeni, juu ya kijiko au kiganja, uji uingie wenyewe. Kwenye mchanga mkavu pulizia kwanza dawa ya kushikiza nywele kutoka juu, mara mbili, kila safu ikauke. Acha dakika 30, na ikiwa baridi au tope zaidi ya hapo. Inua kwa kuchimba chini yake pamoja na udongo, using'oe kwa kushika kingo. Udongo uache ulivyo mpaka siku moja au mbili zipite, ndipo uoshe kwa brashi laini. Anayeosha siku hiyohiyo anaosha na kucha.

Unga wa jipsamu wa kuzibia viungo vya dari si mbadala mzuri, umetengenezwa uchelewe kushika na nakala inakuwa chaki.

---

JabaliLaKale

Kwa kuwa mmefika kwenye nakala za nyayo, kuna mfano wa nyumbani wa kubishania unyayo wa mtu na wa mnyama. Laetoli, kusini mwa Olduvai. Nyayo maarufu ni za eneo la G, zilizopatikana 1978 na kundi la Mary Leakey, kwenye majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66. Lakini miaka miwili kabla, 1976, zilionekana nyingine tano mfululizo kwenye eneo la A. Zilikuwa fupi, pana, za ajabu ajabu, na baadaye likatolewa pendekezo kwamba ni za dubu mdogo aliyesimama kwa miguu miwili. Zikafukiwa, watu wakazisahau.

Mwaka 2019 zilifukuliwa upya na kusafishwa, na andiko likatoka mwaka 2021. Walizilinganisha na nyayo za dubu weusi wadogo wa Marekani, za sokwe na za watu. Kisigino ndicho kilichoamua kwa sehemu kubwa. Cha dubu ni chembamba, cha eneo la A ni kipana. Halafu vidole: kwa dubu kidole kikubwa kiko nje na cha ndani ndicho kidogo, kinyume na sisi, na pale Laetoli kikubwa kiko ndani. Hakuna alama za kucha. Na kati ya maelfu ya visukuku vya wanyama vilivyookotwa Laetoli hakuna hata kimoja cha dubu. Hitimisho lao ni kwamba alikuwa mmoja wa jamii ya watu wa kale, aliyetembea kwa kuvuka mguu mbele ya mwingine, na pengine spishi tofauti na wale wa eneo la G.

Hapakuwa na tuta hata moja la ngozi la kusoma. Yote yametoka kwenye umbo, na yametosha kusema ni kiumbe gani. Jina lake hayakusema.

---

MswahiliWaTanga

La mwisho, nisiwachoshe. Simba ukitaka kumjua mmojammoja bila kamba shingoni, unaangalia nini? Na tembo?

---

Mfuatanyayo

Simba ni usoni. Sharubu zinaota kwa safu, na kila sharubu ina kidoa cheusi kwenye mzizi. Chukua safu ya juu kabisa yenye vidoa vichache, uone kila kidoa kinaangukia juu ya kidoa cha ngapi cha safu inayofuata chini yake. Pennycuick na Rudnai walieleza njia hii mwaka 1970 kwa simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Piga upande wa kushoto na wa kulia, haviko sawa, na aliyepigwa upande mmoja tu hutaweza kumlinganisha na picha ya upande wa pili. Ongeza mipasuko ya masikio na makovu, ila makovu yanaongezeka, vidoa havibadiliki.

Tembo ana nyufa kwenye nyayo, kila mmoja na mpangilio wake, na kwenye vumbi jembamba utaziona kama ramani ya mito. Msomaji mzuri anaweza kumfuata tembo mmoja kwa nyufa hizo siku kadhaa. Usimfuate kwa ramani ya mwaka jana, soli inalika na nyufa zinabadilika. Unyayo wa mbele ni mviringo, wa nyuma umerefuka kama yai. Chukua kamba, uizungushe kwenye ukingo wa sakafu ya unyayo wa mbele, zidisha mara mbili: mzingo wa sentimita 130 ni tembo wa karibu mita 2.6 begani. Hakikisha ni wa mbele kweli, kwa sababu tembo anatembea akiweka mguu wa nyuma juu au karibu kabisa na alama ya ule wa mbele, na ukipima nyayo mbili zilizopandana utapata tembo ambaye hajazaliwa.